Mgeni Aliyetoka Nyuma ya Jiko

Katika nyumba ya Baba Pacha, kinyozi, kulikuwa na watu wa aina mbili: wageni na wengineo. Wageni walikunywa chai kwa vikombe vya kauri nyeupe, vyenye mstari mwembamba wa kijani mdomoni, wakala kwa sahani za seti hiyohiyo, wakafuta vidole kwa vitambaa vilivyotariziwa. Wengineo, yaani Baba Pacha, tangu mapacha wake walipooa na kuhama, walikula kwa bati. Sahani ya bati, kikombe cha bati, vyote vimebanduka rangi ukingoni, na huko kubanduka hakukuanza jana.

Seti ile ilikaa kwenye kabati la vioo sebuleni. Ufunguo wa kabati ulikaa kwenye pindo la kanga ya Mama Pacha, na pindo hilo halikufunguliwa ovyo. Wala usidhani mama yule alikuwa mchoyo. Harusi yoyote mtaani, msiba wowote, vyombo vile viliazimwa vikaenda, vikarudi vimepungua, naye hakusema neno. Mtaa mzima ulikuwa umeshavinywea. Ila yule aliyevinunua kwa mteja aliyekuwa anahama mji, akalibeba boksi kichwani jua kali, shingo inamzama mabegani, hakuwahi kuvigusa isipokuwa kwa macho. Sasa hiyo ni haki?

Aliyemtonesha kidonda alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye kiti cha kunyolewa, povu limejaa kidevuni, mdomo haujafungwa.

"Jana nilipita kwako kumpelekea shemeji gauni lake," alisema. "Akaniwekea chai. Kaka, kile kikombe! Chepesi, mdomo mwembamba, chai inajiteremsha yenyewe. Wewe mwenzetu unafaidi kila siku, eh?"

Wembe ulisimama hewani. Fundi cherehani aliutazama kwenye kioo, akakumbuka kwamba ana koo moja tu, akanyamaza.

"Nafaidi," alisema Baba Pacha.

Jioni alirudi nyumbani amekata shauri. Alikaa mezani, akakisukuma kando kikombe chake cha bati.

"Mama Pacha, leo nimiminie kwa kikombe cha kabatini."

"Kuna mgeni?"

"Mimi hapa."

Mama Pacha alimtazama kuanzia upara mpaka kandambili. "Wewe mgeni? Kunywa chai yako, inapoa."

Mtu mwingine angeachia hapo. Baba Pacha hakuachia, maana ilikuwa imemwingia kwamba suala si kikombe. Miaka yote ile ya ndoa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa chini ya msoma mita wa maji. Msoma mita alipewa kikombe na kisahani chake! Alitaka siku moja tu, hata ikiwa moja, mkewe amtandikie meza kama mtu anayehesabika. Hilo tu, basi.

Kwanza alijaribu kuleta wageni. Alimkaribisha fundi cherehani, akamkaribisha fundi bomba, akamkaribisha hata bwana mmoja aliyekuwa anauliza njia tu. Kabati likafunguliwa, vikombe vikalia vikigusana, sauti tamu hiyo, kisha mbele ya mgeni kikatua cha kauri na mbele ya Baba Pacha kikatua cha bati.

"Mwenye nyumba akijipakulia kwa vyombo vya wageni, watu watasema nini?" Mama Pacha alimnong'oneza jikoni.

Bwana aliyeuliza njia alikunywa vikombe vitatu na kusahau alikokuwa anakwenda.

Halafu akajaribu ugonjwa. Alilala akajifunika gubigubi, akakohoa kikohozi cha kuazima. Mama Pacha alimletea uji kwa kikombe cha bati, akakaa kitandani kumshika kipaji cha uso. Alipoona hakina moto, akauchukua uji akaunywa yeye.

Ndipo Baba Pacha alipopata wazo ambalo mtu mwenye akili zake angelificha hata kwa daktari. Kama vyombo ni vya wageni, basi na awe mgeni.

Jumatatu vinyozi hawafungui. Jumatatu hiyo alijinyoa kidevu mpaka kikang'aa, akavaa koti la harusi za watoto, akachukua begi na kutia taulo ndani ili lisionekane tupu. Mkewe alikuwa anachagua mchele wa kesho sebuleni. Baba Pacha alinyata akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akaja kusimama kwenye mlango wa mbele ambao hakumbuki lini aliupitia.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ungo ulinyamaza ndani. Pazia likasogea kidogo, jicho moja likamtazama, likatazama begi, likatazama koti. Pazia likarudi.

Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa anaanika nguo. Akaacha kuanika. Baba Pacha alihisi jasho likimteremka mgongoni ndani ya lile koti. Sasa ndiyo amejifungia njia. Mkewe akicheka, akimwambia "hebu pita jikoni uache upuuzi," habari itafika dukani kabla yake, na atanyoa vichwa vya watu huku vichwa vyenyewe vinatikisika kwa kicheko. Na baya zaidi, atakuwa ameomba kuhesabiwa, akanyimwa mchana kweupe. Akajikaza.

"Hodi!" Safari hii sauti ilitoka nyembamba.

Kisha kitasa kikazunguka. Mama Pacha alisimama mlangoni, kanga ameifunga upya, uso umetulia tuli.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mgeni tu, mama. Natoka mbali."

"Mbali wapi?"

Baba Pacha hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Huko nyuma," alisema.

"Poleni na safari. Pita ndani, baba. Aa, usivue viatu, ingia navyo tu."

Ingia navyo! Baba Pacha alipokanyaga sakafu ile kwa viatu vya nje alihisi raha na hofu kwa pamoja, kama mtoto aliyekojoa mtoni. Alikalishwa kwenye kochi kubwa. Kabati likafunguliwa. Kitambaa kikatandikwa, kisahani juu yake, kikombe juu ya kisahani, na kijiko kidogo ambacho hakujua hata kama kipo.

"Sukari vijiko vingapi, mgeni?"

Daktari alikuwa amemruhusu nusu kijiko, na aliyesimamia nusu hiyo alikuwa mwanamke huyuhuyu.

"Vitatu," alisema mgeni.

Mama Pacha alitia vitatu. Nyusi tu zilipanda.

Akanywa. Ee bwana! Fundi cherehani hakusema uongo. Chai ni ileile aliyoinywa asubuhi, majani yaleyale, lakini mdomo wa kikombe ulikuwa mwembamba mpaka ukausahau, ikabaki chai peke yake. Baba Pacha alifumba macho. Alifurahi, alifurahi kweli, na kama angekuwa na haya kidogo angeondoka hapohapo. Lakini mgeni akishashiba heshima huanza kuuliza maswali.

"Na mwenye nyumba, yuko?"

"Ametoka," alisema Mama Pacha, akakaa kwenye kigoda na ungo wake. "Mtu wa kutangatanga yule. Hata kuaga hakuaga."

"Nasikia ni kinyozi hodari."

"Wanasema. Mimi naona nywele za watu tu, kila siku anaingia nazo mfukoni mwake mpaka kitandani. Na akilala anakoroma, mgeni, huwezi kuamini. Paka wa jirani amehama."

"Labda amechoka, maskini," alisema mgeni kwa uchungu. "Na yeye pia ananywea vikombe hivi?"

"Yeye ana vyake."

"Vya bati."

"Vya bati."

Jibu lilikuja hivyohivyo, kavu. Baba Pacha alitaka kukirudisha kikombe mezani kwa madaha, kama mtu aliyeumizwa na halisemi. Bahati mbaya, sikio la kikombe kile lilitengenezwa kwa ajili ya vidole vya watu wengine. Kidole chake, kilichozoea bati, kiliingia na sasa hakitoki. Akavuta. Akazungusha. Akatabasamu huku anavuta. Kikombe kikachomoka, kikagonga ukingo wa meza, kikapasuka sakafuni.

Baba Pacha alifunga macho kungoja kimbunga. Alikijua vizuri: kingeanza na "Mungu wangu," kingepitia ile redio aliyoiangusha mwaka wa kwanza wa ndoa, kingewagusa mama yake na wajomba zake wote, na kingeishia wakati wa kulala.

"Usijali, mgeni," alisema Mama Pacha. "Ni kikombe tu."

Alifungua macho. Mkewe alikuwa anatabasamu, tabasamu laini la upande mmoja, lile alilompa msoma mita. Akafagia vipande bila kelele, akaleta kikombe kingine, akauliza kama chai imemwagikia koti. Na Baba Pacha, aliyepata kila alichokitaka, akahisi baridi. Hakupata kutazamwa hivyo na mwanamke huyu. Ilikuwa kama ametolewa nje na mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu zote.

"Chakula kiko tayari," alisema Mama Pacha. "Ngoja nikupakulie."

"Mama, usijisumbue na sahani hizo," alisema haraka. "Nipakulie kwa yoyote tu. Ile pale, ya bati."

Sahani yake ilikuwa imefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Mama Pacha aligeuka akaitazama, na lile tabasamu la msoma mita likamtoka.

"Ile? Hapana, mgeni. Ile hailiwi na mgeni."

"Kwani ina nini?"

"Ina mwenyewe. Bado hajarudi."

Hapo ndipo Baba Pacha alipoiona: kwenye kitako cha ile sahani mbovu kulikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha, alama ambayo wanawake wa mtaa huitia kwenye chombo wasichotaka kipotelee kwa watu. Vikombe vya kauri alikuwa ameviona vitako vilipokuwa vinapangwa. Havikuwa na chochote.

Mgeni alisimama. Alishukuru sana, akasema safari bado ndefu, akachukua begi lake lenye taulo, akatoka. Alipita mbele ya jirani bila kumtazama, akazunguka nyumba karibu na kukimbia, akavua koti akalitia begini, akaingia kwa mlango wa jikoni.

"Mama Pacha, nimerudi!"

"Viatu!"

Sauti ile ilitikisa sufuria. Baba Pacha alivua viatu, na moyo wake ukatulia palepale.

"Unatoka wapi wewe bila kuaga? Umemkosa mgeni, na bora ulivyomkosa, maana hana adabu! Kaingia na tope, kanywa sukari vijiko vitatu mtu mzima yule, kakivunja kikombe changu! Na umempa nani koti lako lile? Kaa ule."

Alipakuliwa kwa bati, wali umejaa mpaka ukingoni. Alikula akisikiliza redio ya mwaka wa kwanza, kisha wajomba. Alipofika kwa mjomba mdogo, Mama Pacha alijimiminia chai akakaa mbele yake kupumzisha koo, na Baba Pacha akakitazama kikombe alichoshika mkewe. Kilikuwa cha bati. Kilikuwa kimebanduka zaidi kuliko chake.

Akaacha kutafuna. Wakati wote huu hakuwa amemhesabu. Hata sisi tunaosimulia tulimsahau.

"Mama Pacha, wewe umewahi kunywea vile?"

"Vipi?"

"Vya kabatini."

"Mimi?" Alicheka kidogo, akatazama ndani ya kikombe chake. "Mimi ndiye mkaribishaji. Nani atanikaribisha?"

Baba Pacha aliinamia sahani yake. Aliona haya, haya ya kweli, akamaliza wali wake.

Jumatatu iliyofuata alipoamka alikuta kitanda upande wa pili kimepoa, na juu ya mto umewekwa ufunguo wa kabati. Aliruka. Alitandika kitambaa, kikageuka upande wa nyuma, akakigeuza. Akaweka maziwa motoni, akaenda kuvaa shati, akarudi yanaungua. Alikuwa anapepea moshi kwa mfuniko aliposikia mlango wa mbele.

"Hodi wenyewe!"

Alichungulia. Mkewe alikuwa amevaa lile gauni jipya la fundi cherehani, mkoba mkononi. Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa amesimama na nguo moja iliyokwisha kukauka.

"Karibu, mama. Nani mwenzangu?"

"Mgeni. Natoka huko nyuma."

"Pita. Ingia na viatu tu."

Mama Pacha aliingia na viatu, akaona alama zake sakafuni, akajizuia. Akakaa kwenye kochi kubwa kama aliyekalia mayai.

"Sukari vijiko vingapi?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Hakuwahi kuulizwa.

"Vinne," alisema.

Alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakaa nacho mdomoni, machozi yakamlengalenga. Baba Pacha alitazama pembeni, akajitia kuupepea moshi.

"Chai yako imeungua, baba," alisema mgeni mwishowe. "Lakini vyombo vyako ni vizuri sana. Mkeo ana bahati."

"Hata hajui," alisema Baba Pacha. "Yeye ananywea bati."

"Basi ukimwona mwambie apumzike." Akamsogezea kikombe. "Niongeze. Na wewe chukua chako, kaa hapa, usinisimamie. Kidole usikiingize chote."

Kabati lilibaki wazi mpaka jioni, na hakuna aliyekumbuka kulifunga.