Kesi ya Gemu za Bulyaga

Mzee Ackson wa Bulyaga alidai heshima kama wengine wanavyodai chenji. Wazee wenzake, hata wachungaji, walikwisha kuzoea kula meza moja na wakamwana wao. Yeye hapana. Aliishikilia ile desturi ya Kinyakyusa kwamba mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala halitamki jina lake. Aliishikilia kwa mikono miwili kwa kuwa haikumgharimu kitu. Aliyegharimika ni Tusekile, mke wa mwanawe Abeli.

Tusekile alisimamia kafe ya intaneti, miaka ile intaneti ilipoingia Tukuyu baada ya mitumba na soda za makopo. Kila Jumatano mkwewe alifika, akakohoa mlangoni. Tusekile alijitanda khanga, akatokea mlango wa nyuma, akasimama uani karibu na wauza ndizi, na mvua ya Tukuyu haimwonei mtu huruma. Ndani, mzee alikaa kwenye kompyuta akipakua gemu za ngumi na za magari bila ruhusa ya wenyewe. Mtandao ulijikokota, gemu moja ilikula mchana mzima. Kisha alizinakili kwenye CD, akawauzia wenye vibanda vya gemu hadi Kiwira. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, kidevu juu.

"Baba anajifunza kompyuta," Abeli alisema kila mkewe alipolalamika.

"Na mimi najifunza nini, mvua?"

Kampuni moja ya Dar es Salaam yenye haki ya kuuza gemu hizo ilipolalamika, polisi walifuatilia CD hadi kwenye mashine ya kafe. Mashine yenyewe ilionyesha kwamba gemu zote zilipakuliwa siku za Jumatano. Wakamkamata mwenye funguo. Tusekile akapandishwa mahakamani, na mwendesha mashtaka, Amoni, akasema wazi kwamba ataomba kifungo.

"Mtaje!" Elina, muuza ndizi wa pale uani, alimwambia Tusekile. "Unamfichia nini mtu wa namna ile?"

Lakini mama mkwe alikwisha kumwonya: siku atakayomtaja baba mkwe mbele ya hakimu, arudi kwao Lufingo, na watoto atawaacha. Abeli alikuwapo akisikia. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu.

"Usiogope," Abeli alimwambia baadaye. "Baba atakuja mwenyewe kukutetea. Atasema una adabu."

Tusekile alimtazama mumewe tangu utosi hadi kile kiatu kilichotakata. "Hongereni," alisema.

Siku ya kesi mzee aliingia na koti la suti, akiitikia salamu ambazo hakuna aliyempa. Tusekile, kizimbani, hakuwa na mlango wa kutokea. Akajifunika khanga, akageukia ukuta.

"Mshtakiwa anamkimbia nani?" hakimu aliuliza.

"Ananiheshimu mimi, mheshimiwa," alisema mzee, na uso ukamng'aa. "Huyu ni mkamwana wangu. Mtoto mwenye adabu hivi hawezi kuiba."

Amoni akasimama. Alikuwa kijana wa mjini aliyedhani kila kitu cha wilaya ile ya Rungwe ni kichekesho. "Mzee, na wewe huwa unaingia kafe ile?"

"Kila Jumatano. Elimu haina uzee."

"Basi siku hizo mlikuwa mnakaa wote wawili, bega kwa bega, mkipakua gemu?"

Ukumbi ukaguna. Mzee Ackson akavimba shingo.

"Chunga mdomo wako, kijana! Mimi nikae chumba kimoja na mkamwana? Nikiingia, yeye hutoka! Harudi mpaka niondoke, hata mvua ikimpiga! Waulize wauza ndizi!"

"Kweli kabisa!" Elina alipaza sauti kutoka dirishani. "Tulimwona kila Jumatano, amelowa kama kuku! Ndaga fijo, mzee, asante sana kwa kusema!"

Kicheko kilianza nyuma, kikafika mbele. Mzee alikuwa wa mwisho kuelewa.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mzee, fikiri vizuri. Kama yeye alikuwa nje, kwenye mashine ulibaki peke yako. Je, unataka kusema mlikuwa pamoja?"

Tusekile alikaza khanga. Neno moja tu la mzee yule lingempeleka gerezani. Alijua mkwewe hakuwa akimfikiria yeye hata kidogo. Alikuwa akiwafikiria wanaume wa Bulyaga waliojaa kwenye mabenchi, na watakavyomtazama kilabuni.

"Sijawahi kukaa naye," alisema mzee, kifua mbele. "Niiteni mwizi mkitaka. Hilo lingine, hapana."

"Tumekuita," alisema hakimu, akamwashiria polisi.

Tusekile akaachiwa. Alitoka nje akaivuta khanga, ikaanguka mabegani. Abeli alimkimbilia akihema.

"Mke wangu, wamemweka baba ndani! Sasa tufanye nini?"

"Nyumbani kuna magimbi ya jana," alisema Tusekile. "Mpelekee. Mimi nakwenda kuchukua watoto."

"Unakwenda nao wapi?"

Tusekile alikuwa ameshaanza kuondoka. Elina alikuwa amekwisha kumsogezea nafasi chini ya mwamvuli wake.