Droni Juu ya Jeneza

Kazi ya ofisa usalama ni kazi ya kuchukiwa. Ukiifanya vizuri hakitokei kitu, na watu wanaanza kuuliza unalipwa kwa lipi. Ukiifanya vibaya anaumia mtu, na hapo kila mmoja analikumbuka jina lako. Asmahani alikuwa ameifanya miaka mingi kwenye migodi ya upande wa Nzega, akirudi Tabora kama mgeni, mpaka mama yake, Bi Sikuzani, alipopooza upande mmoja. Ndipo akatafuta kazi yoyote itakayomwezesha kulala nyumbani, akaipata kwa Kurban.

Kurban alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Kihindi, mzaliwa wa mjini hapohapo, na babu zake wamezikwa hapohapo. Alikuwa anajenga ghorofa tatu mtaa wa Ng'ambo: maduka chini, nyumba ya wageni juu. Saiti nyingine mjini yenye kumtaka ofisa usalama haikuwapo. Asmahani alilijua hilo, na Kurban alijua kwamba analijua. Akiikosa kazi hii ni kurudi migodini, na mama abaki na mtu wa kukodiwa, anayemgeuza kitandani pale anapokumbuka.

Shida ilikuwa droni. Benki iliyomkopesha Kurban ilitaka picha za jengo kutoka juu kila wiki, ione kama fedha zake zinapanda ukuta au zinakwenda harusini. Akaletwa Idrisa, kijana wa Dar mwenye kibali cha kurusha. Mara ya kwanza aliirusha mafundi wakiwa juu wanamwaga zege. Deus, fundi wa nondo, aligeuka kuishangaa, akarudi nyuma kuelekea pasipo na sakafu. Walimdaka kwa mkanda wa suruali. Mafundi walicheka kutwa nzima. Asmahani hakulala.

Akaanza kupigana. Alipigana na Kurban, akapigana na msimamizi, akapigana na watu wa bima, ambao huchelewa kujibu mpaka mwenyewe umesahau uliuliza nini. Mwishowe bima ikakubali kuikinga droni kwa sharti moja: isipaishwe ikiwa kuna mtu chini yake. Sasa saiti isiyo na mtu utaipata lini? Asmahani ndiye aliyekitegua kitendawili hicho. Ijumaa adhuhuri. Waislamu wanakwenda msikitini, akina Deus wanakwenda kwa mama lishe kabla wali haujaisha, na saiti inabaki ya paka. Hata uchochoro wa mbele unakuwa mtupu. Yeye mwanamke swala ya Ijumaa haikumlazimu, kwa hiyo alibaki na Idrisa, shingo juu. Na swala ikiisha watu wa Tabora hawatoki mbio. Watasalimiana, wataulizana habari za wagonjwa, watashikana mikono hadi mtu asahau alikoviacha viatu vyake. Kufikia hapo droni imeshatua na kufutwa vumbi.

Mpango ulikwenda vizuri wiki baada ya wiki, na hakuna aliyemwambia ahsante. Alikuwa ameshazoea.

Ijumaa moja ya kiangazi upepo ulivuma vibaya, vumbi jekundu likatanda. Idrisa aliungoja utulie, akachelewa kupaisha. Kisha akaipeleka droni ng'ambo ya uchochoro, juu ya mashimo ya wafyatua tofali, ili alipate jengo zima kwa mbele. Mashimo yalikuwa bado na maji ya masika, ya kijani, marefu kuliko mtu. Mara rimoti ikaanza kulia.

"Dada Asma, upepo umekula betri. Naivuta nyumbani."

Asmahani alikuwa ameshageukia upande wa msikiti. Alisikia kabla hajaona: sauti za wanaume wengi kwa pamoja, wakimtaja Mungu, zinakuja haraka.

Mzee Abdulatifu, seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa ule, alikuwa amefariki alfajiri. Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza, lakini saiti ilikuwa inaunguruma mashine ya zege tangu asubuhi, na waliosikia hawakuona sababu ya kumwambia ofisa usalama. Siku yenye jeneza watu hawasimami mlangoni kusalimiana. Maiti haicheleweshwi. Wanatoka wote kwa mpigo, wanakwenda kwa kasi, kila mwanamume anakimbilia mbele aubebe mti wa jeneza hatua chache, ampokeze mwenzake. Hilo kila mtoto wa Tabora analijua, na Asmahani alikuwa mtoto wa Tabora. Kwenye mpango wake hakulitia. Alikumbuka salamu za Ijumaa, akasahau kufa.

Uchochoro ukajaa kofia nyeupe.

"Waambie wasimame kidogo tu," alisema Idrisa. "Ipite."

"Jeneza halisimamishwi, Idrisa."

"Basi naipitisha juu juu. Itafika."

"Una hakika?"

Idrisa aliitazama rimoti iliyozidi kulia.

"Itue hukohuko iliko."

"Kule maji matupu, dada."

"Basi itie majini. Ni amri yangu, si yako."

Idrisa alimtazama kama anayeagizwa kumzamisha mbuzi mzima. Kisha akafanya. Droni ikashuka polepole juu ya shimo, ikagusa maji, ikapiga kelele kidogo, ikazama. Jeneza likapita mbele ya lango. Chini ya mti wa mbele, kofia imekaa upande na jasho linamtiririka, alikuwa Kurban. Hakuinua macho.

Wiki iliyofuata bima ilimtuma mkadiria hasara kutoka Mwanza, mama mpole aitwaye Tekla. Kabla hajafika, Kurban alimwita Asmahani kando ya lundo la mchanga.

"Bi Asmahani, mama anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, tajiri."

"Mwenyezi Mungu amponye. Sasa nisikilize. Ukiulizwa, sema ilianguka yenyewe. Basi. Bima watalipa, tutapata nyingine, na kila mtu abaki kazini kwake."

Asmahani alielewa kwa nini salamu za mama zilitangulia. Hakumkasirikia, hakuwa na nguvu hizo. Aliwaza tu kwamba droni ikianguka yenyewe, wa kwanza kunyang'anywa kibali ni Idrisa. Halafu uongo nao unataka kulishwa kila siku, na yeye tayari alikuwa na mgonjwa wa kulisha.

Tekla alipouliza, Asmahani alimweleza yote, tangu upepo mpaka maji, huku Kurban amesimama hapo anasikia. Tekla aliiangalia ile njia, akayaangalia mashimo.

"Pole sana," alisema. "Bima inalipa ajali. Hii uliyofanya si ajali. Umeamua mwenyewe."

"Na kama ningeiacha ivuke, ikawaangukia?"

Tekla aliona haya kidogo kabla ya kujibu. "Mlipaisha njia ikiwa tupu, watu wakaja baadaye. Hiyo ingekuwa ajali. Tungelipa droni, na majeruhi wangetibiwa."

"Wa mbele alikuwa huyu hapa," alisema Asmahani, akimwonyesha Kurban. "Ndiye aliyekuwa amebeba."

Kurban alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ni kweli, nilibeba," alisema. "Mlango wa nyumba yetu alitengeneza yeye."

Tekla alipoondoka, Kurban alimshukuru Asmahani. Alimshukuru kwa moyo, mkono kifuani, akasema ana watoto wadogo na hatamsahau. Kisha akamwambia kwamba kesho asije. Benki inangoja picha, kununua droni mpya kunataka mtu mmoja apungue, na msimamizi atashika na usalama. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Kumbe siku nyingine hata kwenda unafukuzwa. Asmahani alivua kofia ngumu, akaitundika penye msumari wake, akamuaga mlinzi.

Njiani alisimama chini ya ukuta wenye kivuli, akapiga simu. Alizungumza kidogo sana, zaidi aliitikia.

Nyumbani Bi Sikuzani alikuwa macho. "Mbona mapema?"

"Shikamoo, mama. Kesho niko nyumbani."

"Marahaba. Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa."

Upande mzima wa uso wa mama ukatabasamu. "Alhamdulillah. Kila swala nilikuwa nakuombea hilo, mwanangu. Umechoka mno. Sasa wamekuonea huruma."

"Ndiyo, mama."

Akachota maji ya moto, akamgeuza taratibu, akaanza kumkanda upande ule usiosikia. Watu wa mgodi wa Nzega walikuwa wamekubali. Walimtaka Jumatatu.