Saa Sita za Marehemu

Mama Nta hakuwa mtu wa kutishwa ovyo, lakini mkaguzi wa vipimo alipoingia kwenye stoo yake ya mishumaa, hofu ilimfanya asahau hata kumkaribisha. Kila boksi lilibeba maneno ya marehemu mumewe: "Kwa wastani huwaka saa sita." Mteja mmoja alikuwa amelalamika kwamba ni uongo. Ikithibitika, maneno yafutwe na stoo nzima irudi kwenye sufuria kuyeyushwa.

"Chukua hii ya juu, mwanangu, imenyooka vizuri," alimbembeleza.

"Nikichukua ya juu, mama, nitakuwa nimeiuliza ya juu tu."

Mkaguzi akapiga kura kwa vikaratasi, akachomoa mishumaa thelathini na sita kutoka kila pembe, hata kule nyuma kwenye vumbi. Akaipanga sakafuni, akafunga madirisha, wakaiwasha asubuhi ile ile.

Thelathini na sita kati ya maelfu! Mama Nta aliona ni mzaha mtupu. Tangu lini wachache wakausemea umati wasioujua?

Mshumaa wa kwanza ukazimika kabla ya saa tano kutimia. Wa pili ukafuata.

"Tumekwisha, mama," mkwe wake, aliyekuwa akimsaidia stooni, akanong'ona.

Lakini saa sita zikapita, na mingine mingi bado inawaka bila wasiwasi. Wa mwisho ukapitisha saa saba, na ulikuwa wa kule vumbini, mfupi na umepinda, ambao yeye angeona haya kuuuza. Mama Nta akajikuta ameketi sakafuni, hofu amekwisha kuisahau.

Mkaguzi akapiga hesabu. "Wastani ni saa sita kasoro dakika nne."

"Basi nimeumbuka."

"Hapana, mama. Mishumaa yenyewe inapishana kwa nusu saa na zaidi. Dakika nne zinaweza kuletwa na bahati ya kura tu. Sijasema marehemu alipatia kabisa, ila sijapata sababu ya kumkanusha. Maneno yabaki."

"Na ni upi uliowaka saa sita kamili?"

Mkaguzi akapitia tena. "Hakuna hata mmoja."

Mama Nta akavitazama upya vibaki vya nta sakafuni. Mivivu ilizimika mapema, mibishi ikang'ang'ania, kila mmoja ukashika njia yake, na bado yote kwa pamoja ikarudi palepale aliposema yule mzee. Alijuaje?

Ndipo alipomkumbuka mumewe akiwa kwenye stoo hii hii, kila wakitengeneza mishumaa mipya, amefumba macho akichomoa michache kwa kupapasa huku na huku, kisha ameketi mbele ya vimoto vyake kama mtu asiye na kazi. Miaka yote hiyo alimgombeza: "Unanichomea mali mchana kweupe!" Mzee alicheka tu, akaendelea kutazama.

Mkaguzi alipoondoka, mkwe akashika ufagio aondoe nta sakafuni.

"Acha kwanza, mwanangu," Mama Nta akasema. Akafumba macho, akaingiza mkono kwenye mishumaa iliyotengenezwa jana, akaanza kupapasa.