Kamelia ya Tadeo

Jailos alizima trekta, akashuka, akavua kofia. Nikadhani amemvulia mwanangu.

Ilikuwa Mufindi, mwaka 1956, kwenye shamba la chai juu ya Nyololo. Nilikuwa mtunza bustani wa bwana. Tadeo wetu alikufa kwa kifua wakati wa masika, hajaanza hata kutambaa. Kwao mke wangu Ikupa, upande wa Mbeya, kulikuwa mbali, na barabara ilikuwa matope matupu. Tukamzika pembeni mwa kambi. Haukupita muda, nyapara akatangaza kwamba eneo lile litalimwa, ipandwe chai.

"Kwetu tungechomeka kaburini kijiti chochote cha ua wa boma," Ikupa alisema. "Hapa watakifyeka. Baba Tadeo, kata kwenye lile ua la memsabu. Nani atathubutu kuligusa?"

Lilikuwa kamelia, kichaka cha majani mazito yanayong'aa, hayapukutiki hata kwa baridi ya Julai. Nilikata kipandikizi chini ya kifundo, nikapunguza majani, nikakisimika kaburini kwenye mchanga, nikakitilia kivuli cha nyasi. Kamelia ni mwongo. Hukaa kijani miezi mingi bila mzizi hata mmoja. Ikupa alitaka kuking'oa aone, nikampiga mkono.

"Ukikivuta unakiua."

Basi akawa anakwenda jioni, anakaa kando yake. Hadi siku kilipochomoza jani jipya, jekundu kama sikio la kichanga.

"Ameshika," alisema. Usiku ule alikula.

Sasa Jailos alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

"Saulo, ua la memsabu limefikaje huku?"

"Hilo ni kaburi."

"Kaburi naliona. Nauliza ua."

Akaazima jembe. Alilichimbua taratibu, na bonge lake zima la udongo, akalifunga kwenye gunia, akaliweka kivulini.

"Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Mimi nimeambiwa nilime."

Akawasha trekta.

Ikupa alifunga mzigo wake, akashuka Nyololo kungoja lori la Mbeya. "Kaa salama, Saulo," aliniambia. Tangu tuzae hakuwa ameniita kwa jina langu.

Memsabu alipoletewa lile gunia alifurahi, akaniagiza nilipande kando ya baraza. Nililipanda na udongo wake wote, sikupukuta hata punje. Mwaka uliofuata likatoa ua jeupe. Kila asubuhi nililimwagilia maji. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.