Nyumba Yenye Mikono Minne

Kalondu alikuwa akimgeuza mama mkwe wake, Nzilani, ili mgongo nao upate hewa, aliposikia kicheko ng'ambo ya ua wa minyaa. Alikuwa Mbinya, jirani yake, ameketi kivulini akipepeta ndengu bila haraka. Kando yake Falis, msaidizi anayelipwa na serikali, alikuwa akimlisha uji baba mkwe wa Mbinya aliyepooza. Kyuso nzima iliujua mradi huo: nyumba yenye mzee au mlemavu asiyejiweza inapewa mtu wa kusaidia. Mbinya alikuwa amepewa. Kalondu alikuwa bado anangoja.

Wivu ulimkaba. Tuseme ukweli, tusiupake marashi: alimtamani Falis kuliko alivyowahi kumtamani mumewe, kibarua wa Mombasa anayeonekana Krismasi tu. Alitaka kulala usiku mmoja bila kuamshwa, basi. Mbinya naye alikuwa ameanza kunenepa, na unene ule ulimuuma Kalondu kama mali aliyoibiwa yeye.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, wakati wa ile njaa, makwapa yalipoanza kumwasha. Baadaye akaota mikono mingine miwili, chini kidogo ya ile ya kwanza. Ilikuwa mikono mizuri ya kazi, ingawa kucha zake zilikua haraka mno. Akapasua rinda pembeni, akaendelea. Mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta kwa zamu, ukampa jembe la pili, maana kazi ni kazi. Nzilani alisema tu kwamba mikono mipya ina baridi, awe anaipasha moto kwanza.

Afisa wa ustawi akaja hatimaye, siku ya soko. Kalondu alikuwa ameificha mikono ya chini ndani ya leso, akaifunga barabara. Lakini mgeni ni mgeni, na Ukambani haondoki na tumbo tupu hata kama amekuja kukunyima. Chai ikaanza kufurika jikoni, pale pale karibu na kitanda. Nzilani akaanza kuteleza. Afisa akanyoosha vidole ili anawishwe. Leso ikafunguka. Mkono mmoja ukaipua sufuria, miwili ikamwinua mama mkwe, wa nne ukammiminia afisa maji, wala halikuanguka tone.

Afisa akala chapati zake, akashukuru, akaitazama ile mikono.

"Mama, mkono mmoja haulei mwana, lakini wewe unayo minne," akasema kwa upole. "Hapa tayari kuna watu wawili. Serikali haiwezi kuleta wa tatu."

"Lakini usingizi ni wa mtu mmoja," Kalondu akasema.

Afisa akakubali kwamba hilo ni kweli, akaomba aongezewe chai.

Katika baraza lililofuata chifu akamsimamisha Kalondu apigiwe makofi. Akasema wakubwa wamejifunza mengi kwake: kumbe familia zikijikaza, Mungu huongeza. Wasaidizi wakaondolewa tarafa nzima. Falis akafunga virago, akarudi kwa dada yake kuuza maziwa.

Kalondu alifurahi, tena sana. Alimsikia yule mzee wa ng'ambo akiita maji, akiita tena, na Mbinya akija mbio kutoka shambani huku akijikwaa, na utamu ukamshuka mpaka tumboni. Utamu huo ulidumu siku kadhaa. Halafu ukaisha, na Nzilani bado alitaka kugeuzwa.

Jioni moja Mbinya akasimama mlangoni, amekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakusalimu. Akainua mkono, akaonyesha kwapa lililovimba.

"Inawasha, Kalondu. Wewe ulikuwa unapaka nini?"

Kalondu akamwambia mafuta ya ng'ombe husaidia kidogo, ila asijikune. Akamkaribisha ndani, akasogeza taa ili aone vizuri. Vivimbe vilikuwa viwili upande ule. Akamwambia ageuke, akatazama na upande wa pili. Huko pia vilikuwa viwili.

Mikono sita, basi. Wivu ukamkaba Kalondu upya, pale pale, na taa mkononi.