Mashine ya Uzinduzi

"Koroga, wifi, koroga! Zikiungua hizo tutamlisha nani?"

Wifi yake Mwenyekiti alishika mwiko kwa mikono miwili akazigeuza karanga kwenye karai, moshi ukimpiga machoni. Uani palikuwa na meko matatu yakiwaka kwa pamoja. Wanawake wengine wa kikundi walikaa mikekani wakizifikicha karanga zilizopoa na kuzipepeta, maganda mekundu yakiwarukia kwenye sare zao mpya. Sare hizo ziliwatoa jasho. Walipoambiwa kwamba kikundi kisicho na sare hakizinduliwi, kila mtu alijua aende kukopa kwa nani au auze nini. Mwenyekiti aliuza kuku wake wote, na walipofika dukani wakakuta kitambaa kimepanda bei tena.

Mwenyekiti ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata na mumewe. Mume alianza kwa utani, "Mwenyekiti, chai iko wapi?", utani ukageuka mazoea, na mazoea yana tabu.

Kwa kawaida wasingekaanga nyingi hivyo. Karanga mbichi inasubiri. Iliyokaangwa na kumenywa haina subira. Ikilala siku chache inalegea, kisha inaanza kuchacha. Lakini Bwana Maendeleo, afisa wa mradi wa serikali wa kuwainua akina mama wa vijiji sita, alikuwa amekuja mwenyewe kwa pikipiki yake akasema mashine ya kusagia inafika Ijumaa, inazinduliwa, inabaki.

"Inabaki?" Mwenyekiti alikuwa amemwuliza.

"Inabaki, mama. Ni mali yenu."

Alimwuliza mara ya pili kwa sababu alishawahi kuumwa na nyoka, akajibiwa vilevile. Basi akaenda shule ya bweni kumwambia mpishi mkuu kwamba ndoo za siagi ya karanga alizozitaka kwa ajili ya kufungua muhula, atazipata Jumatatu. Kwa kinu hiyo ilikuwa kazi ya mwezi, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha gombana na mchi. Akiliinua, linalia kama bawaba ya mlango.

Sherehe ya Ijumaa ilitangazwa kuwa ya asubuhi. Jua lilipanda, likafika utosini, likaanza kuteremka. Chini ya turubai palikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na havikukaliwa na mtu. Wanawake walisimama nje ya turubai, kwa sababu Bwana Maendeleo alisema wakikaa sare zitakunjamana.

Mgeni rasmi alipofika, waliimba kwa sauti zilizokauka. Naye akasema mashine hii ni ukombozi, na kwamba serikali inamjali mwanamke, akalirudia hilo mpaka likapoa. Utepe ukakatwa. Dereva wa lori la mradi akavuta kamba, injini ikakohoa, ikashika. Mgeni akamimina karanga kiganja kimoja.

Siagi ikatoka. Ilitoka laini, inang'aa, ikijikunja polepole kwenye sahani. Mwenyekiti hakuwa mtu wa machozi, lakini alijikuta ameshika bega lake kama mtu anayempa mgonjwa habari njema. Vigelegele vikapaa. Mgeni akachovya kidole, akalamba, akapigwa picha, akaingia garini.

Vumbi la gari lake halijatulia, dereva akazima injini, akaita vijana wawili, wakaanza kuipandisha mashine kwenye lori.

"We! We, baba! Inaenda wapi hiyo?" Mwenyekiti alishika bomba la mashine.

Dereva akamtazama Bwana Maendeleo. Bwana Maendeleo akaitazama simu yake.

"Inakwenda kukaguliwa kidogo, mama. Utaratibu tu."

"Imekaguliwa na mgeni mzima amelamba kidole. Mkaguzi gani tena?"

"Mama, usinipandishie presha. Itarudi."

"Bosi, tuwahi," dereva akasema bila kufikiri. "Kule kwa wenzao mgeni amesema akishakula tu anaanza."

Wifi yake akapiga kofi moja, polepole. "Kumbe! Bibi harusi mmoja, harusi sita."

Bwana Maendeleo akamvuta Mwenyekiti pembeni, nyuma ya lori. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi Mwenyekiti. Angekuwa mbaya angemtukana akapumua.

"Mama yangu, nikwambie ukweli. Kwenye karatasi mashine zimekuja sita. Kwenye lori iko moja. Zile tano mimi sijaziona, na aliyeziona haulizwi. Nina watoto. Unataka nifanyeje?"

"Mimi nina karanga zimekaangwa. Wewe ndiye uliyesema zikaangwe."

"Nilisema mjiandae."

"Nikajiandaa."

Akafuta jasho. Kisha, kama mtu aliyeona mlango, akatabasamu. "Sikiliza. Hawa wenzenu ni wachache, sare zao hazijatoka kwa fundi. Twendeni nyote, mkawasaidie kuimba. Mgeni anapenda kuona watu. Mkinisaidia leo, mtakuwa wa kwanza mashine zikija."

Wanawake waliosikia waliguna. Mmoja alisema yeye anakwenda zake nyumbani, hawezi kuzinguliwa mara mbili kwa siku moja. Mwenyekiti aliitazama mashine iliyokuwa imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani.

"Tunakwenda," akasema. "Wifi, pakieni magunia na ndoo."

"Magunia ya nini tena?" Bwana Maendeleo akauliza.

"Ya maonyesho. Au mgeni atasaga upepo?"

Walipanda lori pamoja na mashine; kijiji cha pili hakikuwa mbali. Turubai lilikuwa lilelile, vitambaa vya viti vilevile, na utepe ulikuwa umefungwa fundo pale ulipokatwa. Mwenyekiti wa kikundi cha huko, mama mrefu mwenye kilema cha mguu, aliwapokea kwa kukumbatia.

"Karibuni, dada zangu. Mmekuja kufurahi nasi. Na sisi leo tumekumbukwa! Tumekwisha kuijengea kibanda, njoo uone." Akamwonyesha. Matofali mabichi, paa jipya la bati, mlango wenye kufuli. Mwenyekiti alikitazama kibanda hicho. Angemwambia nini? Na angemnyamaziaje?

"Dada," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "hiyo haibaki. Hata kwetu haikubaki. Ikishapigwa picha inapanda lori."

Mama mrefu alicheka kwanza. Kisha akazitazama sare zile, zilizokwisha shika vumbi la sherehe nyingine, akaacha kucheka.

"Una karanga?" Mwenyekiti akamwuliza.

"Zipo. Za mbegu, lakini zimekauka."

"Mwambie mtu azikaange sasa hivi. Usiulize."

Mgeni rasmi alikata utepe kwenye fundo. Dereva akavuta kamba, injini ikashika, mgeni akamimina kiganja chake, akalamba, akapigwa picha. Kisha akashika kipaza sauti. "Mashine hii ni ukombozi..."

Dereva aliinama kuzima. Mwenyekiti akawa amekwisha simama kati yake na injini, na wifi yake amekwisha kufungua gunia la kwanza. Karanga zikamwagika kwenye kinywa cha mashine kwa kishindo. Injini ikanguruma kwa uzito. Mgeni akaonekana akifumbua na kufumba mdomo, na hakuna aliyemsikia.

"Zimeni!" Bwana Maendeleo alikuja mbio. "Zimeni, mgeni anahutubia!"

"Baba, tunamwonyesha ukombozi!" wifi yake akampigia kelele.

Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikawekwa. Wanawake wa kijiji kile walikuja na karai lao likiwa bado linatoa moshi, wakapanga mstari. Mgeni alisubiri, akatazama saa, akasema neno sikioni mwa msaidizi wake, akaenda garini kwake. Bwana Maendeleo alisimama pale, mikono kichwani, kama mtu aliyefiwa.

Mafuta yaliisha gunia la pili likiwa nusu. Injini ikakohoa, ikakata. Karanga za wenyeji zilikuwa zimejaza kopo moja tu, na hilo Mwenyekiti aliliona, likamwuma. Alichota kutoka ndoo yake akawaongezea, lakini alijua halikuwa jibu.

"Nitaandika," Bwana Maendeleo alisema. "Kikundi chenu hakina ushirikiano. Msitegemee kitu tena."

"Tuliwahi kutegemea kitu gani, mwanangu?" Mwenyekiti alimjibu. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Mashine ilipandishwa lorini. Mama mrefu alisimama mlangoni mwa kibanda chake kitupu, hakuaga mtu. Hapakuwa na aliyewapa lifti akina Mwenyekiti, kwa hiyo walijitwika ndoo zao, siagi ikiwa bado ya moto, wakashika njia. Hazikutosha. Nusu ya oda ya shule ingebaki, na mpishi mkuu hakuwa mtu wa kusikiliza visa.

Walikuwa wametembea kidogo tu honi ilipolia nyuma yao. Lilikuwa lori la mradi, linawahi kijiji cha tatu. Barabara ilikuwa nyembamba, na mitaro pande zote mbili.

"Wifi, tupishe?" wifi yake akauliza.

Mwenyekiti aliisawazisha ndoo kichwani, akasogea katikati ya barabara. Wengine wakajipanga kushoto na kulia kwake, sare kwa sare, mpaka njia ikajaa. Honi ikalia tena, ndefu. Bwana Maendeleo akatoa kichwa dirishani, akasema kuna watu wanamsubiri.

"Na wasubiri," Mwenyekiti akasema bila kugeuka, akaendelea kutembea kwa mwendo wa mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.