Kifaranga Aliyenijua kwa Sauti

Wenzangu kituoni wananiita Redio, na sibishi. Mdomo wangu haujui likizo. Lakini kazi yetu inataka kimya. Ndege tunaowatunza hawapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu, na kifaranga akisikia sauti ya mtu siku ya kwanza, atadhani mtu ndiye mama yake. Kwa hiyo tunawalisha kwa glavu iliyoshonwa mfano wa kichwa cha ndege, midomo tumefumba. Kwangu mimi, adhabu tupu!

Asubuhi kimbunga kilipopiga nilikuwa peke yangu. Ndani ya mashine ya kuangulia mlikuwa na yai moja, limebakiza saa chache tu lianguliwe. Umeme ukakatika, jenereta ikaingia maji. Nikalitia yai kifuani, nikajibanza chini ya meza ya jikoni huku mabati yanang'oka.

Jamani, niliogopa! Nikaanza kuongea. Nikalisimulia yai habari za mama mkwe, za goti langu, za bei ya sabuni. Adhuhuri likapasuka, na kifaranga akanitazama usoni.

"Dada, umefanya nini?" aliuliza daktari wetu wa ndege upepo ulipotulia.

"Nimemwokoa."

"Umemwokoa, halafu umemharibu."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa karibu kulia. Alikuwa ametoka msituni kuhesabu ndege. Kati ya ndege arobaini walibaki kumi na mmoja, na madume wote vikongwe. Kifaranga wangu alikuwa dume. Akikataa ndege wenzake, ukoo mzima umekwisha.

Na aliwakataa kweli. Tulipomweka kizimbani pamoja na ndege wengine wa kituo, aliwapa mgongo, akasimama wavuni akinililia mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Daktari akasema tujaribu: nisionekane, nisisikike.

Nikahamishiwa kuosha vyombo upande wa pili wa ukuta. Kutwa nzima namsikia ananiita, nami nang'ata kitambaa nisije nikamjibu. Siku tatu hakula. Nyumbani mume wangu akaniuliza, "Mke wangu, mbona kimya hivi, unaumwa?" Nikaangua kilio palepale.

Miezi ikapita. Sauti yake ikapungua, kisha sikuisikia tena.

"Njoo umwite," Daktari akaniambia siku moja. "Lazima tujue."

Nilisimama mlangoni mwa kizimba. Amekuwa mkubwa, kifua kipana! Alikuwa amekaa ubavuni mwa jike mmoja, wakichambuana manyoya. Nusu ya moyo wangu iliomba anikimbilie, Mungu anisamehe.

"Baba," nikaita, "hujambo, baba?"

Aliinua kichwa. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama nani kapita barabarani. Kisha akamgeukia jike wake, akaendelea kumchambua shingoni.

Daktari akanishika mkono kwa nguvu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, kwa sababu mwanangu hanijui.